Hana Kitu Huyu

Machi 3

Siku ya kumi na moja leo. Upande wa kushoto wa ulimi, ukingoni, mahali pasipozidi upana wa ukucha, panawaka kama nimelamba pasi. Nimejitazama kwa vioo vitatu: cha bafuni, cha mke wangu, na kile kidogo chenye mpini tunachotumia kazini. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna utando. Ulimi safi kama wa mtoto mchanga. Mnafiki mkubwa.

Mke wangu ameuliza nimeng'ata nini. Nimemwambia sijang'ata kitu.

"Basi utakuwa umeng'atwa," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Ndiye mcheshi wa nyumba hii, ingawa hakuna aliyemchagua.

Machi 4

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Miaka ishirini na saba nimekaa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chini ya taa moja, shingo imeinamia kushoto, nikichonga nta na kusugua plastiki ili watu waliotafuna sukari maisha yao yote wapate kucheka kwenye picha. Wateja hawanijui. Meno yakikaa vizuri, daktari ana mkono mzuri; yakikwaruza, fundi ni mjinga. Na kila wiki hakosi mmoja wa kuniambia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, kana kwamba methali hiyo ameitunga yeye asubuhi akipiga mswaki.

Daktari wa zamani alikuwa mtu. Alikufa akaacha kliniki, mabomba mabovu, na mwana. Huyo mwana namwita Mrithi, kimoyomoyo. Ana koti jeupe lililonyooka na simu mbili. Anachojua ni kung'oa. Mwonyeshe mlango uliokwama, atakwenda kutafuta koleo.

Leo amerudi Bi Rudi. Jina hilo nimempa mimi, maana kazi yake ni kurudi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, hubeba mkoba kifuani kama ngao. Mwaka jana nilimtengenezea meno ya chini. Hii ni mara ya saba anayaleta.

"Yananichoma ulimi," akasema.

Nikayachukua, nikaingia nayo nyuma, nikafungua bomba, nikayaosha, nikafunga bomba, nikakaa dakika tano nikitazama ukuta, nikamrudishia.

"Nimepasugua pale palipokuwa panachoma, mwalimu."

Ndivyo nifanyavyo tangu mara ya tatu. Meno yale hayana kasoro. Kazi yangu naijua. Alipotoka nikamwambia dada wa mapokezi, "Hana kitu huyu. Amekosa wa kuzungumza naye tu." Tukacheka. Nilipocheka ulimi ukaniwaka.

Machi 6

Mvua. Ulimi vilevile.

Machi 9

Nimemwambia Mrithi. Nilijizuia siku kumi na saba, lakini leo nilishindwa kunywa chai, akaniona.

"Shikamoo mzee, mbona unaitazama chai kama inakudai?"

Nikamweleza. Akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Miaka ishirini na saba sikuwahi kukikalia; kumbe ukiwa pale chini unaona matundu ya pua ya daktari tu, na unaambiwa hayo ndiyo matumaini yako. Akagonga gonga, akachungulia.

"Jino hili la nyuma, mzee. Lina ncha. Linaukwaruza ulimi."

"Ncha hiyo nimekaa nayo tangu ujana."

"Ndiyo maana. Limekukwaruza miaka yote, sasa ulimi umechoka."

Sababu ya kipuuzi kiasi hicho sijapata kuisikia. Na bado nikafungua mdomo. Akang'oa.

Machi 10

Pengo linauma. Ulimi unauma.

Machi 13

Pengo limepoa. Ulimi unauma.

Machi 19

Kliniki ya kawaida. Nimesubiri saa nne kwenye benchi la chuma, nyuma ya mtu aliyekuwa akikohoa kwa ari. Daktari ni kijana mwenye sauti ya huruma, ile wanayofundishwa.

"Una msongo wa mawazo, baba?"

"Nina ulimi."

"Nyumbani kuna amani?"

"Ipo, nikiwa kazini."

Hakucheka. Akaandika vitamini na dawa ya kusukutua ya kuua fangasi ambao amekiri hawaoni. Akaniambia maumivu mengine hutoka kichwani, akiwa ananigusa kifuani. Mtu hajui hata kichwa kiko wapi.

Jioni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, amekuja kunipa pole. Ni mtu wa pole, hana kingine. Akakaa kwenye kiti changu, akameza mate, akasema, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, shemeji. Jichunguze. Huenda kuna uliyemsema." Mke wangu akageuka dirishani, mabega yakimtikisika. Nilikuwa na majibu matatu ya kumpa, lakini kila jibu lingenigharimu, nami nikaona hana thamani hiyo.

Machi 27

Mrithi ameng'oa la pili. Sitaandika alitoa sababu gani, kwa heshima ya marehemu baba yake. Nitaandika tu kwamba mimi, mwenye akili zangu timamu, niliyepiga kalibu za plasta kwa vinywa zaidi ya elfu, nilipanda kiti kile kwa miguu yangu na kufumbua kinywa kama kifaranga. Maumivu humfanya mtu mjinga. Au yanamfunua tu.

Machi 28

Vilevile. Vilevile kabisa.

Aprili 2

Leo limetokea jambo jipya. Nilikuwa nimeshika kalibu ya plasta ya mteja, ile ya kunakilia taya. Nikameza mate tu, mate yangu mwenyewe, na kitu kikachomoka ulimini kikapita nyuma ya koo hadi ndani ya sikio, kama waya wa umeme uliovutwa kwa ghafla. Mikono ikaachia. Kalibu ikapasuka sakafuni vipande vitatu. Nilijikuta nimeshika ukingo wa sinki, machozi yananitiririka, nikiogopa kumeza tena. Mtu anayeogopa kumeza! Nilihesabu hadi arobaini mate yakijaa mdomoni, kisha nikatema, kama mlevi.

Mrithi akaja mlangoni. Akatazama plasta, hakunitazama mimi. Akarudi mbele, na ukuta wetu ni mwembamba, nikamsikia akimwambia dada wa mapokezi:

"Hana kitu huyu. Nimemwangalia mimi mwenyewe, nimeng'oa meno mawili. Uzee tu, anatafuta kuonewa huruma."

Na dada akacheka. Kicheko kilekile. Nilikitambua kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa nimekitekenya mimi.

Nimefagia plasta. Mvua imenyesha hadi saa kumi na moja.

Aprili 3

Nimeanza kula upande wa kulia, polepole, kama ng'ombe mwenye wasiwasi. Mke wangu ananitazama. Sitaki anitazame.

Aprili 8

Bi Rudi, mara ya nane. Mwavuli unadondosha maji sakafuni.

"Yananichoma ulimi, fundi."

Nikayachukua, nikaingia nyuma. Nikayaweka kwenye meza, nikayatazama. Mkono ukaenda kwenye bomba wenyewe, ukasita. Nikayapitishia kidole sehemu zote, kwa dhati safari hii, nikayaangalia kwa lenzi. Hayana kasoro. Nilijua hayana. Nikatoka nayo, nikavuta stuli, nikakaa mbele yake. Sijawahi kukaa mbele ya mteja.

"Mwalimu, ni upande gani?"

Akanitazama muda mrefu. Bila meno ya chini uso wake ulikuwa umekunjamana, lakini macho yalikuwa ya mtu anayesahihisha mtihani.

"Leo bomba limekauka?" akauliza.

Nikayageuza meno yake mkononi.

"Unafungua, unahesabu kumi, unafunga. Halafu kimya. Mashine yako ya kusugulia ina mlio kama nyigu, nimeusikia siku uliponitengenezea. Tangu mara ya tatu sijausikia. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne, fundi. Unafikiri sijui mtu anayejifanya anafanya kazi?"

"Sasa kwa nini unarudi?"

"Kwa sababu wewe unayachukua." Alisema hivyo bila kunihurumia wala kujihurumia. "Huyo kijana wako hata hayagusi. Kliniki nyingine walinirudishia mkononi kabla sijamaliza kusema. Wewe ni muongo, lakini unayachukua unaingia nayo ndani, na kwa dakika tano nakaa hapa nikijua kuna mtu ana shida yangu mkononi. Usijisifu. Ni kidogo sana hicho. Ila sina kingine."

Nikamwambia habari zangu. Ukingo wa kushoto, waya hadi sikioni, kumeza. Nilisema kwa shida na nikaona anaitikia kwa kichwa kabla sijafika mwisho wa kila sentensi, kwa namna ya kuudhi, kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize jibu analolijua. Wake pia ni kushoto. Miaka miwili. Alikuwa na maumivu hayo kabla ya meno yangu. Alitumaini tu kwamba ni meno, kwa sababu meno hurekebishika.

"Jumatano ijayo naenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu," akasema. "Njoo. Na vaa shati lenye kola safi, wanawasikiliza zaidi wenye kola."

Simpendi. Nitakwenda.

Aprili 10

Mrithi ameniita kwenye kiti. La tatu.

"Safari hii nina hakika, mzee."

"Na zile mbili ulikuwa na nini?"

"Zile zilikuwa za kupunguza uwezekano."

"Daktari," nikamwambia, "ukinipunguzia uwezekano mara thelathini nyingine, utabaki ulimi peke yake, na hapo ndipo utagundua kwamba ni ulimi unaoniuma."

Hakupenda. Nami nililipia: robo saa nzima sikio likipiga. Lakini ilikuwa sentensi nzuri.

Aprili 15

Daktari wa mishipa ya fahamu ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bi Rudi aliingia kwanza, akanisubiri nje akikosoa matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Naapa. Alikuwa nayo mkobani.

Yule mama hakuuliza kuhusu amani ya nyumbani. Alinigusa uso kwa pamba, halafu kwa ncha ya pini, kushoto na kulia. Akanigeuza shingo. Ikalia kama ngazi ya mbao. Akaniuliza nakaaje kazini, nikamwonyesha. 

"Mshipa wa fahamu ni kama waya," akasema. "Ukibanwa njiani, cheche zinaonekana mwisho wa waya. Ulimi ndio unaouma, lakini ulimi huenda hauna kosa. Inawezekana umebanwa huku juu na mshipa wa damu, ndani ya fuvu. Inawezekana ni huku shingoni. Inawezekana si kubanwa kabisa."

"Sasa ni ipi?"

"Sijui."

Miaka yote hiyo ya kusoma, na cheti ukutani chenye muhuri wa dhahabu, kuja kuniambia hajui! Hiyo "sijui" ninayo nyumbani, tena ya bure. Akaandika vidonge vya kutuliza mishipa, akaagiza picha ya kichwa na shingo, ile ambayo mtu huingizwa kwenye mashine kama mkate tanurini.

Bi Rudi alinisindikiza hadi kituoni. "Ndiye wa kwanza kuniambia hajui," akasema. "Wengine wote walijua. Ona walivyotufanya."

Nilimkatalia. Nilikuwa na hasira.

Aprili 18

Vidonge vinanipa usingizi. Nimepanga meno ya mteja mmoja kinyume, ya kulia kushoto. Nimeyabomoa kabla Mrithi hajaona, ingawa yeye hangeona.

Aprili 21

Mvua. Nafuu kidogo, au nimezoea. Sijui tofauti.

Aprili 24

Nimegombana na mke wangu, au yeye amegombana na mimi, maana mimi siku hizi nagombana kwa nyusi. Alikuwa amepika mtori laini, amepoza, ameupitisha kwenye kichujio. Nikaonja, nikasukuma bakuli. Chumvi. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: *Hata wagonjwa huwajui kuwapikia?*

Akakisoma. Akakikunja mara nne, taratibu. Akakaa.

"Baba watoto, nikuulize. Unaumwa ulimi tangu lini?"

Nikamwonyesha vidole viwili. Miezi miwili.

"Mimi miaka ishirini na mitatu," akasema. "Huo huo wako. Umeniuma mezani, umeniuma mbele ya ndugu zangu, umeniuma siku niliyomzika mama uliposema viti havitoshi. Nami sikuwahi kwenda kwa daktari, maana ningemwonyesha nini? Hakuna kidonda."

Hakupandisha sauti. Akachukua bakuli, akaenda kuongeza maji.

Nilitaka kusema kwamba viti kweli havikutosha. Hilo ndilo lililonijia kwanza, na naliandika hapa ili nijue mimi ni mtu wa namna gani.

Aprili 25

Nimekula chote. 

Mei 4

Picha zimetoka. Daktari alizitundika mbili kwenye taa, yangu na ya Bi Rudi, kwa ruhusa zetu. Kwake hata mimi niliona: mshipa wa damu umejikunja, umelala juu ya mshipa wa fahamu kama mtu mzito aliyekalia mkono wa mwenzake. Kwangu, weupe na weusi.

"Hapa pengine unagusa," akasema daktari, kidole kikisita. "Pengine haugusi. Na pingili za shingo yako zimesagika upande mmoja. Sitafungua fuvu la mtu kwa sababu ya pengine."

Bi Rudi atafunguliwa tarehe kumi na moja. Alipoambiwa hatari zake, uziwi wa upande mmoja, sauti kupotea, na ile nyingine, aliuliza tu kama watamnyoa nywele zote au za nyuma peke yake.

Mei 6

Nimeinua meza ya kazi kwa matofali manne na kuhamisha taa kulia, kama daktari alivyoshauri. Sasa nakaa wima kama hakimu. Mrithi anasema matofali yanaharibu sura ya kliniki. Kliniki ambayo paa lake linavuja kwenye ndoo mbili.

Mei 11

Leo ndiyo leo yake. Mvua kubwa. Nimesugua jino moja siku nzima.

Mei 14

Nimekwenda kumwona. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, bandeji nyuma ya sikio. Sauti yake imekwaruzika. Alikuwa anakula karoti. Mbichi. Anaitafuna kwa meno ya juu yake na ya chini yangu, kra, kra, kra, macho yameng'aa kama msichana.

"Hakuna," akasema. "Nimeamka, nikameza, hakuna. Nikameza tena kwa makusudi. Hakuna kitu, fundi!"

Nikasema nashukuru Mungu. Nikakaa. Akasema, akasema, akasema. Miaka miwili ya maneno aliyokuwa ameyabania. Kila neno lake lilikuwa jepesi, halina bei. Mimi nilikuwa nikijibu kwa kichwa. Nikagundua namchukia. Nilimdharau tangu mwanzo, lakini kumdharau mtu ni starehe tu. Hii ilikuwa nyingine, ilikuwa na meno.

Akanyamaza ghafla. Mwalimu ni mwalimu.

"Ulitaka nife?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Nilitaka tuwe wawili," nikasema.

Akaiweka karoti kwenye sahani. Hakunishika mkono wala kunipa methali, namshukuru kwa hilo. Alisema, "Mimi pia ningekuchukia. Ningekuchukia zaidi, kwa sababu wewe ni muongo." Halafu akaifunika karoti kwa kitambaa, akaitafuna nilipoondoka. Niliisikia kutoka koridoni.

Mei 19

Vilevile asubuhi. Saa tisa alasiri palitulia karibu saa nzima. Matofali? Vidonge? Nimemwambia mke wangu. Akauliza, "Saa nzima?" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ndege kwenye dirisha na hataki aruke.

Mei 26

Nimefukuzwa kazi.

Asubuhi alikuja mwanamume wa makamo, dereva wa lori kwa mikono yake. Nilimsikia kupitia ukutani akieleza: ulimi unawaka, wiki tatu, hakuna kidonda. Na Mrithi: "Jino hili la nyuma. Lina ncha." Nikasikia trei ya vyuma ikivutwa.

Fundi hatoki mbele mgonjwa akiwa kitini. Ni sheria ya marehemu, na ni sheria nzuri. Nikatoka, aproni imejaa vumbi la plasta.

"Usimng'oe," nikasema. "Hujui."

"Mzee, rudi nyuma."

"Ulining'oa mawili. Sema mbele yake yalisaidia nini." Sikio lilikuwa linapiga, maneno yananitoka moja moja kama kokoto. Nikamgeukia yule dereva. "Ndugu yangu, jino lako ni zima. Huenda ni mshipa wa fahamu. Kuna daktari, nitakupa anwani yake. Usikubali."

Dereva akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Akamtazama Mrithi, koti jeupe, simu mbili.

"Huyu nani?" akauliza.

"Fundi wetu. Hayuko sawa."

"Endelea, daktari," dereva akasema, akajilaza, akafumbua mdomo. "Mimi nakuamini wewe, si huyu wa nyuma."

Likang'olewa nikiwa nimesimama pale. Kisha Mrithi akanawa mikono na kuniambia nikusanye vitu vyangu. Nimekusanya: tupa sita, visu vya nta, lenzi. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu yote, kwa mdomo, nikipumzika kila baada ya maneno machache. Nilipofika kwenye "si huyu wa nyuma" akacheka mpaka akajishika ubavu. Nami nikacheka. Iliniuma sana.

Mei 28

Nimepanga tupa zangu kwenye meza ya dirishani. Bi Rudi ametuma salamu na mteja wangu wa kwanza, shangazi yake, mzee kuliko yeye na mkali kuliko yeye.

Mei 31

Mvua imekatika tangu juzi. Njia zimeanza kukauka.

Saa nne asubuhi mlango umebishwa. Mke wangu akafungua. Dereva wa lori, shavu limevimba, kofia mkononi. Dada wa mapokezi ndiye aliyemwelekeza.

"Fundi," akasema, "bado unawaka."

Nilimwacha asimame. Mpumbavu wa watu, mwenye jino pungufu na viatu vya matope kwenye sakafu iliyopigwa deki. Nilikuwa na la kumwambia, tena nililiandaa siku tano, lingemkata kama wembe. Nikameza mate kwanza. Waya ukavutwa, na uso wangu lazima ulibadilika, maana yeye akasogea mbele haraka, mkono umenyooka kama wa kunidaka.

"Na wewe pia?" akasema.

Ulipopita nikamwuliza ni upande gani.

"Kulia."

Wangu ni kushoto. Hata hapo hatukupatana. Nikamsogezea kiti.